Walipocheka na wewe hukucheka: namna ya kuvuna msamiati wa Kiingereza kwenye vipande vya vichekesho

Anayejifunza Kiingereza kwa kutazama vichekesho vya televisheni hukutana mapema na dakika moja ngumu. Mhusika amesema jambo, watazamaji wamepasuka mbavu, na yeye ametulia tu. Maneno yote aliyasikia. Huenda yote anayajua. Ila hakucheka. Wengi wakifika hapo huendelea kutazama, wakitumaini kwamba masikio yatazoea yenyewe siku moja.

Mimi nasema simamisha video hapohapo. Pale walipocheka na wewe hukucheka pana neno usilolijua, au unalolijua nusu, au unalolijua vizuri lakini limetumiwa kwa namna ambayo hujawahi kukutana nayo. Orodha ya maneno 500 ya kukariri haiwezi kukuonyesha pengo lako wewe, kicheko kinaweza. Hatua zote zilizo hapa chini zinazunguka jambo hilo moja.

Hatua ya kwanza: chagua kipande kifupi

Usianze na kipindi kizima. Kipindi cha kawaida cha vichekesho vya Marekani huchukua dakika 22 hivi ukiondoa matangazo, na kwa mtu anayetaka kuondoka na maneno kichwani hizo ni nyingi mno. Dakika moja au mbili zinatosha. Tafuta tukio linaloanza na kuisha mahali pamoja, watu wawili watatu wanazungumza, na ikiwezekana wanabeba, wanaficha au wanatafuta kitu. Kitu kinachoonekana hufundisha neno kabla hujagusa kamusi. Katika Friends, kipindi cha Marekani kilichoonyeshwa kuanzia 1994 hadi 2004, kuna tukio la watu wanaopandisha kochi kwenye ngazi nyembamba, na mmoja wao anapiga kelele neno moja tena na tena: “pivot”. Asiyelijua neno hilo anaona kochi limekwama kwenye kona, anaona wanavyohangaika kuligeuza bila kulishusha, na tukio likiisha ameshaelewa kwamba ni kugeuka huku sehemu moja imebaki palepale. Neno lenyewe si la kila siku, lakini aliyeliona hivyo halisahau.

Mwanzoni chagua vipindi vilivyorekodiwa mbele ya watazamaji ukumbini, kwa sababu kicheko chao kinasikika. Vipo pia vyenye kicheko cha kupachikwa; fundi wa sauti Mmarekani, Charles Douglass, alitengeneza mashine ya kazi hiyo miaka ya 1950. Wako wanaokichukia kicheko cha namna hiyo, na nawaelewa, lakini kwa mwanafunzi wa lugha ni alama aliyowekewa bure. Vipindi kama The Office havina kicheko kabisa: mtu anasema upuuzi, mwenzake anaitazama kamera kimya, na hapo ndipo ulitakiwa kucheka. Hivyo viweke akiba hadi utakapokuwa umepiga hatua.

Na kiwango je? Mwaka 2009 watafiti Stuart Webb na Michael Rodgers walichapisha uchunguzi wa vipindi 88 vya televisheni vya Uingereza na Marekani. Waliona kwamba anayejua makundi 3,000 ya maneno ya kawaida zaidi, pamoja na majina ya watu na mahali, anakuwa anayajua takriban asilimia 95 ya maneno yanayosemwa. Kundi moja ni neno na ndugu zake, kama “act”, “action” na “active”. Usikate tamaa kwa hesabu hiyo, maana inahusu kutazama kipindi kizima na kukifuata. Kwa kipande cha dakika moja unachokirudia mara kumi, unaweza kuanza ukiwa na maneno machache zaidi. Kipimo changu ni rahisi: kama kila sentensi ina maneno matatu mageni, kiache kipande hicho, kitakungoja.

Mchekeshaji anayesimama peke yake jukwaani pia mwache kwanza. Anakimbia, hana mtu wa kumjibu, hakuna kitu cha kuonekana, na nusu ya mambo yake yanategemea habari za wiki ile na majina usiyoyajua.

Hatua ya pili: tazama bila maandishi, weka alama

Zima maandishi yanayopita chini ya picha. Tazama mara moja tu, kalamu mkononi. Kila watazamaji wanapocheka, andika dakika na sekunde. Ukicheka nao, weka alama ya vema. Usipocheka, weka mkwaju. Usisimamishe na usirudi nyuma. Ukimaliza, mikwaju ndiyo orodha yako ya kazi.

Ili tusizungumze hewani, nimetunga kitukio kidogo kitakachotufuata hadi mwisho. Mwanamke yuko ofisini, mwenzake anaingia akihema:

“You’re late.”
“I know. I ran into the boss on my way in.”
“What did he say?”
“Not much. He was busy looking for his bumper.”
*(watazamaji wanacheka)*
“You’re kidding!”
“I wish I was.”

Mwanafunzi aliyesoma kwamba “run” ni kukimbia na “into” ni kuelekea ndani atapata picha ya mtu aliyekimbia akaingia ndani ya bosi. Anayejua kwamba “run into somebody” ni kukutana na mtu bila kutarajia atafuata vizuri, hadi lije neno “bumper”, yaani bampa, ndipo ashangae. Wote wawili wataweka mkwaju mahali palepale, kwa sababu tofauti.

Hatua ya tatu: washa maandishi ya Kiingereza

Ya Kiingereza, si ya Kiswahili. Nalisisitiza hili kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza miezi. Maandishi yakiwa ya Kiswahili, macho yanasoma, akili inaelewa, na masikio yanalala. Utacheka sana na hutajifunza neno hata moja. Maandishi ya Kiingereza yana kazi nyingine: yanaunganisha sauti uliyoisikia na umbo la neno.

Tazama tena, sasa ukisimama kwenye kila mkwaju. Kwenye YouTube, kitufe cha mshale wa kushoto kinakurudisha sekunde tano nyuma, na kasi unaweza kuipunguza hadi 0.75. Chini ya hapo sauti zinavutika, na unachokisikia si Kiingereza cha mtu yeyote. Tahadhari na maandishi yanayotengenezwa na mashine yenyewe: hukosea zaidi kwenye vichekesho, kwa kuwa watu wanakatishana, wanapiga kelele na kicheko kinafunika maneno. Ukiona sentensi haina maana hata kidogo, shuku maandishi kabla hujashuku masikio yako.

Hatua hii itakushangaza. Maneno mengi uliyoyapa mkwaju utakuta unayajua kwa macho, tatizo lilikuwa sauti. “What did he say” haisemwi kama maneno manne yaliyopangwa foleni. Yanabanana yakasikika kama neno moja refu. Na sikio la mtu likikosa neno, hutafuta la karibu katika lugha yake. Fawlty Towers, kipindi cha Uingereza chenye sehemu 12 tu zilizoonyeshwa 1975 na 1979, kilijenga kichekesho kizima juu ya hilo: mwenye hoteli anamwambia mhudumu wake Manuel, mtu wa Barcelona, kwamba siagi imezidi “on those trays”, naye Manuel anadhani anahesabiwa moja, mbili, tatu kwa Kihispania, “uno, dos, tres”. Sisi nasi tuna “uno, dos, tres” zetu. Zitafute na uziandike, maana ni zako peke yako na hakuna mwalimu atakayezijua usipomwambia.

Hatua ya nne: chota maneno matano, yakiwa na majirani zake

Matano, si ishirini. Anayeandika ishirini kesho anakumbuka mawili, na hata hayo hayachagui yeye.

Chota mafungu, usichote neno mojamoja. Kiingereza cha mazungumzo kimejaa vitenzi vya maneno mawili au matatu ambavyo maana yake haipatikani kwa kujumlisha: “run into” ni kukutana kwa bahati, “run out of” ni kuishiwa, “put up with” ni kuvumilia, “make up” ni kupatana tena au kutunga uongo, “stand somebody up” ni kumwacha mtu akikungoja mlipoahidiana. Vichekesho vinavipenda sana kwa kuwa kila kimoja kina mlango wa pili. Ukiandika “run” peke yake kwenye daftari, hujaandika kitu.

Kwenye kitukio chetu ningechota haya: “run into somebody”, “on my way in” (nikiwa ninaingia), “not much” kama jibu la kukwepa, “you’re kidding” (acha utani), na “I wish I was”, ambalo Mswahili angesema laiti ingekuwa utani. “Bumper” ningeliacha. Ni neno la kitu, kamusi inalitosha, na bila gari mbele yako hutalihitaji upesi. Kigezo changu ni hiki: je, naweza kulisema wiki hii kwa mtu? Kama siwezi, lipite.

Yapo mafungu yanayomdanganya mgeni kwa sababu yanafanana na ombi au amri, na kwenye vichekesho yamejaa. Mtu akilalamika kwamba kazi zimemzidi, mwenzake akamjibu “Tell me about it”, hajaomba kusimuliwa. Anasema hata mimi yamenifika hapa. “Get out of here!” mara nyingi si kumfukuza mtu, ni kumwambia huwezi kuwa mkweli. Na ukimkaribisha mtu kitu akajibu “I’m good”, amekataa kwa adabu, hajasifu tabia yake. Haya kamusi ndogo huwa hazina, lakini sura ya mhusika inakuonyesha papo hapo. Ndiyo maana naamini kipande cha video kinazidi ukurasa wa mifano: unaona nani kamwambia nani, kwa jicho gani.

Hatua ya tano: eleza kwa nini walicheka

Andika kwa Kiswahili, sentensi moja au mbili: hapa wamecheka kwa sababu gani? Hatua hii usiiruke hata kama umechoka. Ukiweza kueleza, neno umelishika. Usipoweza, umelikariri tu.

Mara nyingi sababu ni neno lenye maana mbili. Jambo hili si geni kwetu: “paa” ni la nyumba, ni mnyama, ni kwenda juu, na ni kutoa magamba ya samaki, na tangu utotoni tumeyachezea maneno ya namna hiyo kwenye mafumbo. Kwa kitukio chetu utaandika: “run into” ni kukutana na mtu, na pia ni kugonga kwa gari, yeye kasema la pili, tukasikia la kwanza. Angalia kwamba Kiswahili nacho kina kukumbana, kinachokaribia maana zote mbili. Daraja la namna hiyo ukilipata, liandike kando ya neno. Linashika kuliko tafsiri.

Wakati mwingine maana ni mbili kwa sababu sauti ni moja. Mwaka 1976 kipindi cha The Two Ronnies kilionyesha mteja dukani akiomba, kwa masikio ya muuzaji, “four candles”, mishumaa minne. Analetewa mishumaa. Kumbe alitaka “fork handles”, mipini ya uma wa bustani, ila kwa lafudhi yake herufi h haitamkwi. Ukikielewa kichekesho hicho kimoja umejifunza maneno manne na umejua pia kwamba kuna Waingereza wengi wanaoidondosha h mwanzoni mwa neno, jambo litakalokusaidia kwenye mazungumzo mengine mia.

Kisha kuna kejeli. Glasi imeanguka ikavunjika, mtu anasema “Oh, great”, sauti ikishuka na kuburura. Maneno ni ya sifa, sauti ni ya hasira. Sisi humwambia mtoto aliyemwaga maziwa “haya, ahsante sana!” kwa sauti ileile. Kwa hiyo kejeli yenyewe huhitaji kufundishwa, unachohitaji ni kuitambua katika sauti ya Kiingereza. Rudia sekunde hizo mara nyingi, na ulinganishe na “great” iliyosemwa kwa moyo safi.

Sababu ya mwisho ninayoikuta mara kwa mara ni neno lililowekwa mahali pasipolifaa: mtu kamwambia bosi neno la kijiweni, au kamwambia rafiki yake neno la mahakamani. Hapo andika kando ya neno hilo ni la nani na wapi. Vichekesho huishi kwa kuvunja adabu, na anayebeba kila neno kutoka humo kwenda kwenye usaili wa kazi atajiumiza. Neno ambalo watazamaji walilipokea kwa mshangao kabla ya kicheko, lielewe, lakini usiliseme hadi umesikia watu wa kawaida wakilisema. Angalia pia kipindi kimetoka wapi. “Pants” kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni nguo ya ndani. “Rubber” kwa Mwingereza ni kifutio, kwa Mmarekani ni kondomu. Andika U (Uingereza) au M (Marekani) pembeni.

Hatua ya sita: litie mdomoni

Sasa fuata sauti ya mhusika kama kivuli. Cheza sentensi moja, simamisha, iseme kama alivyoisema: kasi ileile, mkazo uleule, hata uso uleule. Baada ya mara tano, iseme pamoja naye bila kusimamisha. Usione haya kukunja uso. Sauti ya mshangao haitoki kwenye uso uliolala.

Sisi tuliokulia Kiswahili tuna mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza ni mkazo. Kwetu unakaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mwaLImu, kiTAbu, tumeoNAna. Kiingereza hakina utulivu huo. “Comedy” ina mkazo mwanzoni, lakini “comedian” mkazo umehamia silabi ya pili. Mkazo ukikaa vibaya, msikilizaji hupotea hata kama herufi zote umezitamka sawa. Kwa hiyo kwenye daftari usiandike neno bila kuipigia mstari silabi yenye mkazo.

La pili ni irabu. Tunazo tano, wao wanazo zaidi ya mara mbili ya hizo. “Cat”, “cut” na “cart” kwetu huwa “kat” yote matatu. Kuna pia ile sauti fupi iliyolegea mwishoni mwa “teacher”, ambayo tumeigeuza “a” tukapata ticha. Tumezoea kwamba kila irabu iliyoandikwa inatamkwa kikamilifu, kwa hiyo tunaipa “comfortable” silabi zake zote nne, wakati wengi wao wanaisema kwa silabi tatu. Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza sauti yako na ya mhusika kwa zamu. Sikio lako litakuambia lenyewe panapopwaya.

Hatua ya saba: kadi, na kurudi kwa vipindi

Kwa kila fungu tengeneza kadi moja. Mbele andika sentensi ya kwenye kipande ukiacha nafasi: “I ___ the boss on my way in.” Nyuma andika fungu lenyewe, sababu ya kicheko kwa maneno machache, na sentensi yako mwenyewe iliyo ya kweli. Ya kweli kabisa: mtu uliyekutana naye juzi bila kutarajia.

Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alijifanyia majaribio ya kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: usahaulifu huenda kasi sana saa na siku za mwanzo, kisha unapungua. Kwa hiyo pitia kadi kesho, kisha siku ya tatu, baada ya wiki, baada ya wiki mbili, baada ya mwezi. Ukikosa moja, irudishe mwanzo wa safari. Programu ya Anki itakupangia tarehe hizo ukipenda, ingawa boksi la karatasi linafanya kazi ileile.

Hatua ya nane: kirudie kipande chenyewe

Baada ya wiki mbili fungua kipande kilekile bila maandishi. Kisha kitazame mara nyingine ukiwa umezima sauti, na useme wewe maneno ya wahusika wote. Hapa utagundua yaliyokaa na yaliyotoroka.

Unapotaka zoezi gumu zaidi, chukua kipande cha Mr. Bean, ambacho kwa msamiati wa kusikiliza hakina faida kubwa kwa kuwa mwenyewe haongei sana, na msimulie kwa Kiingereza kila anachofanya, papo hapo. Utakwama mara kumi kwa dakika. Kila ulipokwama andika kwa Kiswahili kitenzi ulichokikosa: kuchungulia, kunyata, kubana, kujipenyeza. Hiyo ni orodha nyingine ya mikwaju, safari hii imetoka kinywani mwako.

Kipande kimeisha kazi siku utakapocheka nusu sekunde kabla ya watazamaji. Umelisikia “ran into”, umeshaijua bampa iliko, na kicheko chao kinakukuta njiani. Kifute kwenye simu, chukua kingine.